Hatua Arubaini na Tatu

Mlingoti uliposimamishwa pale uwanjani
tulipiga makofi. Nati zake nilizikaza mimi.
Mulika mwizi: taa sita, nyeupe kama maziwa ya kopo,
na mheshimiwa mmoja akasema Langoni sasa ni mchana.

Usiku huohuo punda wa Famau aligoma.
Alifika pale mwanga unapokatwa na pembe ya nyumba,
kiza kikaanza ghafula kama ukingo wa kisima,
akakita kwato, hakwenda mbele wala nyuma,
magunia mawili ya saruji mgongoni.
Famau alimvuta, akamtukana, akambembeleza kwa jina.
Punda aliona tusichokiona sisi wenye vyeti:
taa ikizidi ukali, na kiza chake huzidi.

Asubuhi Bi Esha Bunu akanitumia mjukuu:
"Mwambie fundi nalala darini mwaka wa hamsini huu,
nyota nazijua kama wanangu.
Jana nimelala na leso usoni, kama maiti."

Nikanunua daftari. Nikatembea.
Nilihesabu taa, nikapima waya, nikachora vichochoro,
hata Zulfa, muuguzi wa zamu ya usiku,
akanikuta chini ya wikio, akauliza nachora nini.
Nachora ndia, nikasema.

"Ndia naijua kwa nyayo. Hata kwa pua naijua:
hapa ubani, hapa mtaro, hapa kwa Shekuwe wanakaanga viazi.
Sitaki kuona miguu yangu.
Nataka kuuona uso wa anayekuja
kabla hajauona wangu. Au tuonane pamoja.
Uso nikiuona, hata wa nisiyempenda, nitamwamkua.
Kivuli huamkuliwa vipi?"

Akanionyesha simu aliyokuwa akizungumza nayo
tangu ngazi za hospitali. Haina salio. Haina moto.
"Ee, nishafika karibu, fungua mlango,"
huiambia hewa, kila usiku, na hucheka kidogo
ili hewa ionekane ina mtu.

Nikalichana lile daftari.
Safari hii tulitia taa ndogo, rangi ya samli iliyoyeyuka,
kimo cha mtu mzima akinyoosha mkono,
zenye kofia, zisipande darini kwa watu.
Moja kwa kila daka ambalo mwenyewe aliridhia,
imeegemezwa ukuta wa chokaa ili ukuta nao uchangie;
moja chini ya wikio, maana pale ndipo moyo huruka.
Mlingotini tulizima nne, mbili tukaziinamisha chini.
Tulibishana sana. Wapo waliotaka mchana wao urudi,
na mmoja hadi leo hanipi mkono.

Punda alipita. Hakutazama hata pembeni.
Kibao cha keram kikatolewa nje, kikakaa.
Binti wa kwa Shekuwe akasogeza karai lake hatua kumi,
na barza iliyokuwa ya paka baada ya isha
ikapata wanawake watatu na birika.
Macho yao nayo ni taa, nikaandika,
tena hayahitaji tokeni.

Juzi usiku mtu alinipita, akasema,
"Masalkheri, fundi." Mikono mitupu, simu mkobani.
Nilichelewa kujibu.
Nikamfuata kwa macho, taa hata taa,
uso wake ukitoka, ukififia, ukitoka tena,
akiulizwa habari za kazi, akiahidi kurudisha sufuria ya mtu,

mpaka kona ya Tundani, bajeti ilipoishia.
Hapo pana hatua arubaini na tatu. Nimezihesabu
mara mbili, kwa miguu yangu na kwa yake.
Nikamwona akitia mkono mkobani,
na sauti yake ikapanda, changamfu, kizani:
"Ee, nishafika karibu, fungua mlango."